NHIF, CHF, bima binafsi au hela mkononi: ipi itakusumbua kidogo kwa makaratasi ukiwa Tanga?

Hapa Tanga stori ya bima ikianza, iwe Makorora iwe Chumbageni, haikai sana kwenye bei, baada ya dakika mbili watu wameshafika kwenye makaratasi. Mtu ana kadi, amelipia, halafu siku mtoto anachemka homa anaambiwa kadi haisomi, au jina halifanani na la kitambulisho, au rufaa haina muhuri arudi nayo ilikotoka. Watu wamechoka kweli, na wengi ninaowajua wameacha kukata bima siyo kwa kukosa hela bali kwa kukosa nguvu ya kuzunguka madirishani. Hili linaniuma, manake mtu akishaacha bima kwa hasira, ugonjwa mkubwa mmoja tu unauza kiwanja.

Ulinganisho mwingi wa bima unakuambia kifurushi hiki kina meno na kile kina miwani. Ni sawa, lakini hamna anayekuambia utatakiwa uwe na nini mkononi, siku ipi, na ukikwama unamfuata nani. Mimi nalinganisha kwa jicho hilo. Bima inayokufaa ni ile ambayo makaratasi yake unaweza kuyaweka tayari na kuyafuatilia, hata kama ya jirani ina huduma nyingi zaidi.

Njia ziko nne: NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya), CHF iliyoboreshwa (Mfuko wa Afya ya Jamii), bima ya kampuni binafsi, na kulipa mwenyewe pamoja na misamaha ya serikali. Kila moja nitaipitisha kwenye mambo haya haya:

- Kujiunga: wanataka nini kabla hawajakupa kadi
- Siku ya kuumwa: dirishani kunatokea nini
- Rufaa: ukitoka kituo cha mtaani kwenda Bombo (hospitali yetu ya rufaa ya mkoa), au Bombo kwenda hospitali kubwa zaidi, KCMC Moshi ambayo ni ya kanda au Muhimbili Dar
- Ikikataliwa: unaanzia wapi kulalamika
- Hela

Kwanza majina, kabla ya bima yoyote

Hii nimeitoa peke yake kwa sababu ndo chanzo cha nusu ya usumbufu wote na haichagui bima. Angalia vitambulisho vya nyumbani kwako sasa hivi. NIDA inasema Rajabu, cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinasema Rajab, cheti cha ndoa kimeandikwa Rajabu halafu jina la tatu ni la babu mwingine kabisa kwa sababu siku ile shehe aliuliza tu "baba yake nani" na mjomba akajibu alivyojua. Kwetu sisi huyo ni mtu mmoja na mtaa mzima unamjua, ila kwenye mfumo wa kompyuta ni watu watatu. Athumani na Othman vivyo hivyo, Mwanahamisi na Mwanahamis vivyo hivyo, pwani yote majina yetu yanaandikwa kila mtu anavyosikia.

Halafu kuna ndoa. Ndoa imefungwa msikitini, mashahidi wapo, mahari imetolewa, watu wamekula pilau, lakini cheti hakuna kwa sababu hakuna aliyekwenda kukifuatilia. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya Kiislamu na inataka iandikishwe, ila watu tunaona ikishafungwa imefungwa. Miaka kumi baadaye unataka kumuingiza mkeo kwenye bima ndo unaanza kumtafuta shehe aliyeozesha, na huenda ameshafariki.

Watoto nao, cheti cha kuzaliwa cha RITA siyo lile tangazo la kliniki, yaani karatasi unayopewa mtoto akizaliwa. Tangazo linakusaidia kupata cheti, lakini kwenye bima wanataka cheti chenyewe.

Sasa dawa yake. Tofauti ndogo ya herufi mara nyingi inamalizwa na hati ya kiapo, unaenda kwa wakili au mahakamani unaapa kwamba Rajabu na Rajab ni mtu yule yule. Kosa likiwa kubwa, mfano jina la baba limekosewa kabisa au tarehe ya kuzaliwa imepinda, usiponye kwa kiapo, karekebishe kwenye cheti chenyewe RITA au kwenye kitambulisho NIDA, kwa sababu kiapo utakizungusha maisha yako yote na kila dirisha litakihoji upya. Fanya hili kabla hujachagua bima. Nasema hivi kwa mkazo, maana nimeona watu wanalipa kwanza halafu ndo wanaanza kuhangaikia majina, mwaka wa bima unakatika mtegemezi mmoja hajaingia.

Haya, twende kwenye bima zenyewe.

NHIF

Mfuko huu uliundwa kwa sheria ya 1999 na ulianza kazi 2001 ukiwahudumia watumishi wa serikali, baadaye ukapanuka. Leo una milango miwili na tofauti yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Wa kwanza ni wa kazini, unakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaweka 3, jumla 6, na kadi inakubeba wewe, mwenza na wategemezi wanne. Wa pili ni wa kujichangia mwenyewe kwa kifurushi.

Kujiunga kazini ni rahisi kwa sababu kuna afisa utumishi anayekupokea fomu, picha, namba ya NIDA, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto, na yeye ndo anasukuma. Kujiunga mwenyewe unakuwa afisa utumishi wa nafsi yako, utajaza, utapewa control namba, utalipa, utasubiri kadi isome. Kifurushi pia hakikai hapo hapo miaka yote. Toto Afya Kadi ilikuwa 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, wazazi wengi waliipenda, ikafika Machi 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa wakaambiwa watoto waandikishwe kupitia shuleni. Najali Afya, Wekeza Afya na Timiza Afya vilikuja Novemba 2019, na tangu hapo mambo yamebadilika tena. Kwa hiyo anayejichangia asimsikilize jirani aliyejiunga mwaka juzi, aende ofisi ya mkoa aulize kifurushi cha leo.

Siku ya kuumwa, unafika dirisha la bima, unatoa kadi au namba, wanakuhakiki kwa alama ya kidole au sura. Kwa kijana ni sekunde chache. Kwa wazee wetu ni shughuli nyingine. Mzee aliyekata mkonge maisha yake yote, au aliyevuta kamba za jarife tangu ujana, kidole kimesuguka hakina mistari, mashine inagoma. Nimemshuhudia mzee mmoja anafuta kidole kwenye kanzu, anaweka, inagoma, anafuta tena, na binti wa dirishani akawa anamwambia kwa upole, "Babu, jaribu cha upande wa pili." Foleni nzima imetulia inamwangalia. Ukienda na mzee wa hivyo sema mapema kabla hajabonyeza chochote, omba njia nyingine ya uhakiki, usisubiri mpaka aaibike.

Baada ya daktari kuna fomu ya madai ambayo mgonjwa anasaini. Hapa naomba tusikilizane vizuri: usisaini fomu tupu. Soma vipimo vilivyoandikwa na dawa zilizoandikwa, kama hukupimwa damu na imeandikwa umepimwa, uliza. Sahihi yako ndo ushahidi kwamba huduma ilitolewa. Na dawa ikiwa haipo dirishani, usiondoke ukaenda kununua kimya kimya, omba fomu ya kuichukulia kwenye duka la dawa lililosajiliwa na mfuko. Wengi hawaijui hii haki, wanatoa hela mfukoni halafu wanalalamika bima haina maana.

Rufaa, NHIF ndo inakwenda mbali kuliko CHF. Ukipewa rufaa ya kwenda KCMC au Muhimbili, safari ya kilomita kama 350 kwa upande wowote, kadi inakufuata. Lakini karatasi ya rufaa iwe na jina kama lilivyo kwenye kadi, tarehe, sahihi, na muhuri. Zikague ukiwa bado mbele ya daktari. Kutoka Moshi kurudi Bombo kufuata muhuri ni nauli ya kwenda na kurudi, na mgonjwa yuko kitandani.

Ikikataliwa, kuna ofisi ya mkoa hapa hapa mjini, unaweza kwenda na miguu yako ukaongea na mtu. Hili ni jambo kubwa na watu hawalihesabu. Kinachoumiza zaidi kwa waajiriwa wa sekta binafsi ni mwajiri kukata halafu hapeleki. Hati ya mshahara inaonyesha makato, dirishani kadi inaonekana haiko hai. Ukiona hivyo piga picha hati zako za mshahara, nenda ofisi ya mfuko, usibishane na yule wa dirishani, yeye anasoma skrini tu.

Jambo lingine kwa wanaopenda hospitali binafsi. Tarehe 1 Machi 2024 kitita kipya cha NHIF, yaani orodha ya huduma na bei ambazo mfuko unazilipa hospitali, kilianza kutumika na hospitali binafsi kadhaa zikatangaza kusitisha huduma kwa wanachama wa NHIF. Wenye kadi waliokuwa na miadi siku ile ndo walioumia. Kwa hiyo hata kama unapenda hospitali binafsi moja, uwe unajua na kituo cha pili kinachopokea kadi yako.

Inamfaa: mwajiriwa rasmi, mwenye familia, na mwenye ugonjwa unaoweza kumpeleka hospitali ya kanda. Anayejichangia pia inamfaa, mradi awe na uvumilivu wa kufuatilia mabadiliko.

CHF iliyoboreshwa

Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio Igunga 1996, ukapata sheria 2001, na 2018 ndo ukaboreshwa ukawa huu tunaoujua. Kiwango kilichowekwa kwa mikoa mingi kilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Hata kama utakuta kimebadilika, wazo lake ni lile lile, kaya nzima kwa hela ambayo mchuuzi wa samaki pale Deep Sea anaweza kuitoa msimu ukiwa mzuri.

Kujiunga ndo sifa yake kubwa. Afisa uandikishaji anakuwa wa mtaani au kijijini kwenu, anakuja na simu, anapiga picha kila mmoja wa kaya, anaandika, unalipia. Hakuna safari ya ofisini. Kwa mtu wa Pangani, Mkinga au milimani Lushoto hii inaokoa siku nzima na nauli. Hawakubani sana kwenye vyeti kama kule kwingine, ila bado hakikisha majina yameandikwa kama kwenye kitambulisho, msimamie anavyoandika, mwambie "soma nisikie". Na mtoto akizaliwa baadaye, au ukimchukua mpwa akae kwako, fuata aingizwe mapema.

Siku ya kuumwa unaanzia zahanati au kituo cha afya. Kadi inapokelewa hasa vituo vya serikali. Karatasi ni chache, wanasoma kadi, unamuona daktari. Tatizo linaloudhi siyo karatasi, ni dawa. Unaambiwa dawa hamna kanunue nje, na nje hakuna anayeijua CHF. Yaani umeokoa muda dirishani, halafu umeishia kutoa hela duka la dawa. Hili lisemwe wazi kwa sababu ndo linalowafanya watu waone wamedanganywa, wakati bima imefanya kazi kwa upande wa kumuona daktari na kipimo, kilichokosekana ni dawa kwenye stoo.

Rufaa ni ngazi kwa ngazi, zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa ambayo kwetu ni Bombo. Mwisho hapo. Ukivuka kwenda Moshi au Dar, CHF imekuaga. Na kuruka ngazi ndo kosa linalowakuta wengi, mtu anatoka Pongwe anapitiliza mpaka Bombo na kadi yake kwa sababu anaiamini Bombo, anafika anaambiwa rufaa iko wapi. Anakasirika, anaona anabaguliwa. Utaratibu ndo uko hivyo, anza chini uchukue barua. Dharura ni habari nyingine, mtu anavuja damu au anashindwa kupumua mpeleke penye msaada wa karibu, makaratasi yatafuata.

Ikikataliwa, anza na mganga mfawidhi wa kituo, kisha mratibu wa CHF wa halmashauri. Ni watu wa karibu, unaweza kuwapata, ila andika, usiongee tu. Barua fupi yenye tarehe, namba ya kadi, na jina la kituo inasaidia kuliko kelele za barazani.

Inamfaa: kaya ya kipato kidogo au kisichotabirika, anayeishi karibu na zahanati ya serikali, mwenye watoto wanaougua malaria na kuharisha kuliko magonjwa makubwa. Haimfai peke yake mtu mwenye ugonjwa unaotaka hospitali ya kanda.

Bima ya kampuni binafsi

Hizi zinasimamiwa na TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima. Wengi hapa Tanga wanazipata kupitia kazini, bandarini, viwandani, mashirika, benki, wachache wanajikatia wenyewe.

Kujiunga kuna fomu ndefu ya maswali ya afya, umewahi kuumwa nini, umelazwa lini, una presha, una sukari. Ijaze kwa ukweli mtupu. Kuna mawakala wanamwambia mteja "andika hapana tu mambo yaende", na mteja anafurahi kadi imetoka haraka. Shida inakuja siku ya dai kubwa, wanachimba faili la zamani, wanakuta presha ilikuwepo, dai linakataliwa na huna pa kulalamikia kwa sababu sahihi ni yako. Soma pia muda wa kusubiri kwa ugonjwa uliokuwa nao tayari na kwa uzazi, mara nyingi uzazi unasubiri miezi kadhaa, kwa hiyo ukikata bima mke akiwa mjamzito tayari usitegemee igharamie mimba hiyo.

Siku ya kuumwa, ukiwa hospitali iliyomo kwenye orodha yao, mambo yanakwenda mbio, kadi, kidole, daktari, dawa. Hapa ndo zinapendwa na wanastahili sifa. Ila orodha yenyewe kwa Tanga ni fupi ukilinganisha na Dar, na ukienda Korogwe au Handeni inazidi kufupika. Kabla hujalipa, omba orodha ya vituo vya mkoa wa Tanga kwa maandishi, siyo orodha ya nchi nzima yenye kurasa nyingi ambayo kwako haina msaada.

Ukitibiwa nje ya orodha unalipa mwenyewe halafu unadai kurudishiwa. Hapa ndo kwenye moto. Dai linataka fomu iliyojazwa na daktari, risiti halisi ya mashine ya EFD, maelezo ya ugonjwa, majibu ya vipimo, na cheti cha dawa. Nyumbani kwetu tuliwahi kulazimika kudai hivi baada ya ndugu kuugua ghafla safarini, risiti ipo, maelezo ya daktari yapo, majibu yapo, dai likarudishwa kwa sababu ukurasa mmoja haukugongwa muhuri wa hospitali. Ukurasa mmoja. Tukatuma mtu akagonge, tukapeleka upya, wakasema sasa muda wa kuwasilisha umepita. Nilipandwa na hasira mpaka nikashindwa kuongea na yule dada wa kwenye simu, ambaye naye hakuwa na kosa, alikuwa anasoma masharti. Tulichokuja kufanya ni kuandika barua ya malalamiko kwa kampuni tukiambatanisha tarehe tuliyowasilisha mara ya kwanza, kwa sababu tulikuwa na nakala iliyopokelewa na kusainiwa. Hela ikarudi, siyo yote. Ile nakala ndo ilituokoa. Kila karatasi unayopeleka toa kopi, na kopi yako ipokelewe kwa sahihi na tarehe, au tuma kwa barua pepe ibaki kumbukumbu.

Kingine, huduma kubwa kama upasuaji au kipimo cha gharama zinataka kibali cha kampuni kabla. Hospitali inaomba, kampuni inajibu, na kati hapo mgonjwa amekaa benchi. Usikae kimya, pigia kampuni mwenyewe, taja namba ya uanachama, uliza ombi limefika au bado, maana kuna wakati hospitali inadhani imetuma na kampuni haijaona kitu.

Rufaa inategemea kikomo chako cha mwaka, yaani hela ya juu kabisa ambayo kampuni itakulipia kwa mwaka. Bima inaweza kukufikisha mbali, hata nje ya nchi kwa vifurushi vya juu, lakini hela ya kikomo ikiisha katikati ya matibabu bili iliyobaki ni yako.

Ikikataliwa, unaanza na kampuni kwa maandishi, wasipokuridhisha kuna TIRA na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Njia ya malalamiko ni ndefu kidogo, ila imeandikwa na ipo, na makampuni wanaiheshimu.

Hela ni kubwa kuliko zote hapa na inapanda na umri.

Inamfaa: anayelipiwa na mwajiri, mwenye biashara inayoeleweka, anayesafiri Dar mara kwa mara, na mtu ambaye ana tabia ya kutunza karatasi. Usipokuwa na tabia hiyo, bima hii itakutesa.

Kulipa mwenyewe, pamoja na misamaha

Watu wanaona huku hakuna makaratasi. Kwa ugonjwa mdogo ni kweli, unalipa, unatibiwa, unaondoka, hamna anayekuuliza cheti cha ndoa. Kwa kijana mzima asiye na familia, hela yake ikae pembeni kwa ajili hiyo tu, inaweza kumtosha kwa muda. Lakini kulazwa kunabadilisha kila kitu, na hapo ndo utaona familia zinachangishana kwenye kundi la WhatsApp usiku.

Misamaha ipo na watu hawaijui vizuri. Sera ya Afya ya 2007 inasema wajawazito, watoto chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bure kwenye vituo vya serikali, na magonjwa kama kifua kikuu na Ukimwi dawa zake ni bure. Kwa mama mjamzito na mtoto mdogo karatasi ni kadi ya kliniki, itunze isichanike. Kwa mzee ndo kuna mzunguko, barua ya serikali ya mtaa au kijiji, kisha ustawi wa jamii, kisha kitambulisho cha matibabu. Barua hiyo usiitafute mzee akiwa amelazwa. Mtendaji anaweza kuwa kwenye kikao, mwenyekiti yuko msibani, muhuri umefungiwa kabatini, na bili inasoma. Itafute sasa mzee akiwa anatembea.

Ukikosa uwezo na umeshatibiwa, ulizia afisa ustawi wa jamii wa hospitali, kila hospitali kubwa ya serikali anaye. Ongea naye mapema, siku ya kwanza, siyo siku ya kuruhusiwa.

Inamfaa: asiyeumwa sana na ana akiba ya kweli, na makundi ya msamaha ambayo sera tayari inawabeba.

Kwa hali yako

Umeajiriwa na unakatwa NHIF: usitafute nyingine kwanza, hakikisha wategemezi wote wameingia na kadi zao ziko hai. Jaribu kadi ya kila mmoja kabla hajaumwa, ulizia tu dirishani au ofisi ya mkoa.

Boda, mama lishe, mvuvi, mwenye genge, mna watoto: CHF ndo pa kuanzia, halafu weka hela kidogo pembeni ya dawa zinazokosekana. Hivyo viwili kwa pamoja vinafanya kazi vizuri kuliko kimoja kimoja.

Una sukari, presha, figo, au mtoto mwenye selimundu: unahitaji bima inayovuka Bombo, kwa hiyo NHIF, au binafsi kama kikomo kinatosha na ugonjwa umeutaja kwenye fomu. CHF peke yake itakuacha njiani.

Kampuni yako inakulipia bima binafsi: chukua, na siku hiyo hiyo omba orodha ya vituo vya Tanga, namba ya simu ya vibali, na muda wa mwisho wa kuwasilisha madai. Viandike ukutani nyumbani, siyo kwenye simu yako tu, maana ukiumwa wewe nani atafungua simu.

Una mwaka mmoja au miwili tu Tanga, umekuja kwa kazi ya muda: NHIF au binafsi kwa sababu zinakufuata ukihama.

Unangoja Bima ya Afya kwa Wote: sheria yake ilipitishwa na Bunge Novemba 2023 na inabadilisha namna vifurushi vinavyopangwa, lakini kungoja bila chochote siyo mpango. Bakia na uliyonayo na uwe na namba za NIDA na vyeti vya kaya nzima tayari, kwa sababu utaratibu wowote utakaokuja utaanzia hapo hapo.

Una wazazi kijijini, Mkinga au Kilindi huko, na wewe uko mjini: usiwaachie waandikishwe peke yao. Nenda wikiendi moja, kaa na afisa uandikishaji, kaa na mtendaji, chukua barua ya msamaha ya mzee na uandikishe CHF ya kaya kwa safari hiyo hiyo. Piga picha kila karatasi, tuma kwa ndugu wawili, na karatasi zenyewe muachie mtu anayelala nyumba moja na wazee, aambiwe zimewekwa wapi.